Aliyeshika Kichwa

Historia ya endoskopia imeandikwa zaidi na watu waliokaa upande wa jicho. Ukiisoma utakutana na madaktari, mafundi wa lenzi na viwanda vya vioo, kila mmoja na mwaka wake, kila mmoja akiwa ameongeza mwanga kidogo kuliko aliyemtangulia. Mimi nimefanya kazi upande wa pili, upande wa mdomo. Ni muuguzi. Kwa miaka mingi kazi yangu katika chumba cha kipimo hiki imekuwa kumlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, kumwekea kidude cha plastiki kati ya meno asije akauma mpira, kumfuta mate, na kumshika kichwa mpaka daktari amalize. Kwa hiyo kila nikiisoma historia hiyo huwa natafuta jambo ambalo waandishi wake hulipita haraka. Mgonjwa alikuwa katika hali gani? Alikuwa macho au amelala? Na nani alimshika?

Wagonjwa wetu wa kanda ya ziwa hawasemi endoskopia. Wanasema "kumeza mpira", na vijana siku hizi "kumeza kamera". Nalipenda neno lao kuliko la kitabuni, kwa sababu linasema ukweli wa kazi yenyewe. Daktari hausukumi mpira ule kwa nguvu. Mgonjwa ndiye anayeumeza, na asipomeza hakuna kipimo.

Hata mwanzo wa mambo ulikuwa hivyo. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alitaka kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Bomba la chuma lililonyooka alikuwa nalo. Taa alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kulimeza bomba lile, na akampata katika mwanamazingaombwe aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Vitabu hukisimulia kisa hicho kama kichekesho, na vingi havimtaji mtu huyo kwa jina. Bomba lilipita vizuri, ila mwanga ulikuwa hafifu mno na Kussmaul hakuona mengi. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kwamba katika chumba kile aliyekuwa na mafunzo ya kutosha ni mmoja tu, naye alikuwa yule anayemeza. Alikuwa amelifundisha koo lake kwa miaka mingi lisikatae chuma. Daktari ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Baada yake yalipita zaidi ya miaka 60 ya mabomba magumu. Yalitoboa koo za watu, na baadhi yao walikufa. Aliyebadilisha hali hiyo ni Rudolf Schindler wa Munich, ambaye mwaka 1932, akisaidiana na fundi Georg Wolf, alitoa chombo chenye sehemu ya chini inayopinda kidogo, chenye lenzi nyingi fupi zilizopangwa ndani yake. Schindler alikuwa na asili ya Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulimtia kizuizini, na mwaka 1934 akahamia Chicago, Marekani, ambako aliwafundisha madaktari wengi na kuanzisha chama chao.

Lakini Schindler hakufanya kazi peke yake. Mkewe, Gabriele, ndiye aliyekuwa mshika kichwa wake. Sehemu ya juu ya chombo kile ilikuwa bado ngumu kama fimbo, kwa hiyo mdomo, koo na umio vilipaswa kukaa katika mstari mmoja, na daktari akigeuza chombo kichwa nacho kigeuzwe pamoja nacho kwa kiasi kile kile. Mgonjwa alikuwa macho, koo limetiwa ganzi tu. Ganzi ya namna hiyo ilikuwa imejulikana tangu 1884, Karl Koller alipoonyesha mjini Vienna kwamba kokeni hutia ganzi jicho, na wengine wakaihamishia kooni. Ganzi huondoa kichefuchefu kwa sehemu. Haiondoi hofu. Hofu iliachwa kwa Gabriele.

Sijawahi kuona picha yake akiwa kazini, lakini najua mkono wake wa kushoto ulikuwa wapi, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuuweka. Najua pia kwamba jioni mabega yalimuuma.

Mambo ya kioo nitayapita haraka kidogo, maana yameandikwa sana. Januari 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, wakiwa London, walitangaza katika jarida la Nature kwamba picha inaweza kusafiri ndani ya fungu la nyuzi nyembamba za kioo hata fungu hilo likipindwa. Tangazo hilo lilisomwa na Basil Hirschowitz, daktari kijana mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye na wanafizikia wawili, Wilbur Peters na mwanafunzi aitwaye Larry Curtiss, walihangaika na nyuzi zilizovujishiana mwanga hadi Curtiss alipozivika kila moja gamba la kioo cha aina nyingine, mwishoni mwa 1956. Februari 1957 Hirschowitz aliumeza mpira ule yeye mwenyewe. Siku chache baadaye alimpima mgonjwa.

Nampa heshima kwa hilo. Miongoni mwa madaktari niliofanya nao kazi, waliowahi kuumeza mpira wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ukimtazama daktari akiuingiza utamjua aliyewahi.

(Nyuzi hizo hizo za kioo, zilizoboreshwa na wengine, ndizo zinazobeba intaneti unayosomea maneno haya. Mwaka 2009, ule ule ambao Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya nyuzi za kioo, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini. Tumboni zilikuwa zimetangulia kwa zaidi ya miaka 50.)

Mpira wa nyuzi nimeutumia, na nina neno la kusema juu yake. Kila uzi uliokatika huonekana kama doti jeusi kwenye picha. Mpira mpya una doti moja au mbili. Mpira uliokuja kama msaada, baada ya kutumika miaka mingi ng'ambo, una doti nyingi kama mtama uliomwagwa, na daktari anatazama kidonda katikati ya mtama. Jambo la pili ni kubwa zaidi: mpira ule una tundu moja la kuchungulia, na tundu ni la jicho moja. Daktari anaona, wengine wote mle chumbani wanamtazama daktari akiona. Mwanafunzi husubiri apewe zamu ya kuchungulia, na akiweka jicho lake picha imeshahama. Ndiyo maana kwa muda mrefu mafunzo ya kazi hii yalikuwa ya kuaminiana tu. Mwalimu anasema "kidonda kiko saa tatu", mwanafunzi anaitikia, na hakuna anayejua kama kweli amekiona.

Mwaka 1983 kampuni ya Welch Allyn ya Marekani iliweka chombo kidogo cha kunasa picha kwenye ncha ya mpira, na picha ikapelekwa kwenye skrini. Waandishi wa upande wa jicho husifu ubora wa picha. Kwangu mimi, siku skrini ilipoingia katika chumba chetu, miaka mingi sana baada ya 1983, ndiyo siku nilipoona kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nikimshikia mtu kichwa ili kionekane. Nilijua sasa ni wakati gani hasa mgonjwa atahangaika, kwa sababu niliona mpira ukikaribia mlango wa utumbo kabla yeye hajausikia, na nikaanza kumwambia mapema. Wahangaikaji walipungua. Hakuna aliyeliandika hilo mahali popote.

Sasa nije kwenye usingizi, maana ndipo tofauti kati ya chumba chetu na vyumba vya wenzetu ilipo.

Diazepamu, ambayo dunia ilizoea kuiita Valium, iliingia sokoni mwaka 1963, na haikuchukua muda madaktari wakaanza kuidunga kwenye mshipa kabla ya mpira. Miaka ya 1980 ikaja midazolamu, inayofanya kazi haraka zaidi na isiyochoma mshipa. Dawa hizi zina tabia moja ambayo wagonjwa huishukuru bila kuijua: hufuta kumbukumbu. Nimewaona watu wakihangaika, wakitokwa machozi, wakinishika mkono hadi kucha zinaingia, kisha baada ya nusu saa wakauliza, "Nesi, mtaanza saa ngapi?" Hawakosei kushukuru. Ila mimi nakumbuka kwa niaba yao, na kwa hiyo siwezi kukubali maneno "hakusikia kitu". Alisikia. Hakubaki nacho.

Midazolamu ilipoanza kutumika Marekani kuanzia 1986, wengi waliipima kwa kipimo walichozoea cha diazepamu, kumbe yenyewe ina nguvu mara mbili au tatu zaidi. Ndani ya miaka miwili hivi makumi ya watu walikufa kwa kushindwa kupumua, wengi wao nje ya chumba cha upasuaji, katika vipimo kama hiki, wengi wao wazee. Mwaka 1988 suala hilo lilifikishwa mbele ya Bunge la nchi hiyo. Dozi zikashushwa na onyo kali likawekwa kwenye dawa. Nasimulia haya kwa sababu kuna watu wetu wanaoamini kwamba kufa kwa dozi ni msiba wa nchi maskini.

Uingereza nayo ilijipima. Mwaka 1995, katika jarida la Gut, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vipimo zaidi ya 14,000 vya tumbo katika kanda mbili za nchi hiyo. Kifo kimoja kilitokea kwa kila vipimo 2,000 hivi. Watafiti walikuta dozi kubwa zikitolewa kwa watu ambao hawakuwekewa kifaa chochote cha kufuatilia upumuaji wao, na wakakuta pia uhusiano kati ya ganzi ya kupuliza kooni na nimonia baada ya kipimo. Hilo la mwisho lina maana ukilifikiria: umemtia mtu ganzi kooni, halafu umemlaza, mate yakishuka njia mbaya, koo halijui na mwenye koo hayupo.

Siku hizi kwa wenzetu iko propofoli, nyeupe kama maziwa, inayolaza ndani ya dakika moja na kuamsha karibu haraka vile vile. Ni dawa nzuri mno. Mchekeshaji Joan Rivers alikuwa chini ya dawa hiyo katika kliniki ya endoskopia mjini New York, Agosti 2014, oksijeni yake iliposhuka, na siku kadhaa baadaye akafariki. Fedha hazikukosekana pale.

Nimefikia kuamini kwamba tunapokosea ni pale tunapodhani usingizi ni dawa. Dawa ni sehemu ndogo. Ampuli ya diazepamu haigharimu kitu cha kutisha. Usingizi ni watu. Mgonjwa aliyelazwa anahitaji mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine yoyote ila kutazama kifua chake kikipanda na kushuka. Anahitaji kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho asili yake ni wazo la mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, la miaka ya 1970. Anahitaji mtungi wa oksijeni wenye oksijeni ndani. Anahitaji kitanda cha kuamkia, na mtu mwingine wa kukaa kando ya kitanda hicho. Anahitaji ndugu wa kumpeleka nyumbani, kwa sababu siku ile hapaswi kupanda bodaboda wala kusaini hati.

Katika chumba nilichofanyia kazi muda mrefu zaidi, asubuhi ya kawaida ilikuwa na wagonjwa kumi na mbili, daktari mmoja na wauguzi wawili. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa akisafisha mipira. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa hiyo kwa kipimo cha juu tulipuliza ganzi kooni, tukasubiri dakika chache, tukaendelea. Usingizi mwepesi tuliuweka kwa kipimo cha utumbo mpana na kwa wale ambao kweli hawakuweza.

Na mara nyingi aliyeukataa usingizi ni mgonjwa mwenyewe. Mzee anayetoka Musoma au Butiama anauliza akilazwa ataamka saa ngapi. Unamwambia. Anauliza kama ataruhusiwa kuondoka peke yake. Unamwambia hapana. "Basi nipulizie tu, mwanangu, nina basi la saa saba." Kulala usingizi kwake maana yake ni kulala mjini: chumba cha wageni, chakula, na nauli ya ndugu. Anaupima usingizi kwa mizani ambayo haimo katika mwongozo wowote niliowahi kuusoma, na sioni kama anaupima vibaya.

Kinachobaki ni mkono na maneno. Pumua kwa pua. Acha mate yatoke, usiyameze, kitambaa kipo. Meza sasa. Meza tena. Hapo pagumu pameisha. Nikigundua mtu ni wa kwetu humsemesha kwa lugha ya nyumbani, na nahisi shingo ikilegea kwenye kiganja changu. Nimewafundisha wauguzi wengi wapya mahali pa kuweka mkono: mmoja chini ya taya, mwingine kisogoni, usikandamize, fuata. Sijawahi kukuta mtaala unaolieleza hilo kwa zaidi ya mistari miwili.

Yote hayo ni kwa mtu anayepimwa akiwa mzima kiasi. Kuna wagonjwa wa aina nyingine, na wao ndio waliofanya nibaki katika kazi hii.

Sisi watu wa Kabasa tumetawanyika Bunda, Musoma na Butiama, na popote tulipo ziwa haliko mbali. Ziwani kuna kichocho. Wapo wanaokijua kile cha kukojoa damu tu, lakini cha Ziwa Victoria zaidi ni cha matumbo. Minyoo wake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia kovu. Mwaka baada ya mwaka kovu huizingira mishipa ndani ya ini, na damu iliyozoea kupita humo inakosa njia. Inarudi nyuma. Bandama inavimba. Damu inatafuta vichochoro, na kimojawapo ni mishipa midogo ya chini ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Inatanuka hadi inafanana na minyoo ya ardhini chini ya ngozi nyembamba. Siku moja inapasuka.

Ukatili wake uko hapa: ini lenyewe, yaani nyama yake inayofanya kazi, kwa kawaida huwa bado zima kwa kiasi kikubwa. Mwenye ini lililoharibiwa na pombe au homa ya ini hutokwa damu akiwa tayari amechoka mwili mzima. Mwenye kichocho anaweza kutapika damu akiwa jana yake alivuta nyavu. Damu ikizuiwa, ana miaka mingi mbele yake. Isipozuiwa, amekufa akiwa na nguvu zake.

Baba mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Guta. Bandama yake ilijulikana na kila mtu. Sisi watoto tuliambiwa tusimrukie tumboni. Usiku mmoja wa mwaka 1994 alitapika damu, beseni zima. Wakubwa walisema amelishwa kitu. Alfajiri akatapika tena, ndipo gari likatafutwa la kumpeleka Mwanza, na hawakuwa wamefika Magu alipokata roho. Hakuwa na miaka 40.

Nilipoingia katika kazi hii na kuanza kusoma, nilijikuta napanga miaka kando ya mwaka wake. Mwaka 1939 mjini Stockholm, Crafoord na Frenckner walieleza jinsi walivyoidunga dawa ya kugandisha mishipa kama hiyo kwa kupitia bomba. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake huko Paris walionyesha kwamba propranololi, kidonge cha zamani cha moyo, hupunguza kurudia kwa damu hiyo. Wao waliwapima watu wenye ini lililosinyaa, si wa kichocho, lakini msongamano wa damu kwenye umio ni ule ule, na baadaye kidonge hicho kilitumika kwa wa kichocho pia. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Denver, Greg Stiegmann alichukua mbinu ya zamani ya kufunga bawasiri kwa rababendi na kuiweka kwenye ncha ya mpira: unauvuta mshipa ndani ya kikombe kidogo, unaachia rababendi, mshipa unanyongwa na kukauka. Ni chombo kipya kilichozaliwa na kitu cha senti chache. Prazikwanteli, inayowaua minyoo wenyewe, ilikuwepo tangu miaka ya 1970. Vyote hivi vilikuwepo duniani usiku ule wa 1994. Hata hospitali kubwa ilikuwepo: Bugando, juu ya kilima cha Mwanza, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971.

Mwaka 2012 Hyasinta Jaka na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 240 waliopimwa Bugando kwa kutokwa damu ya tumbo la juu. Asilimia 51.3 walikuwa na mishipa iliyovimba ya umio. Vidonda vya tumbo, ambavyo kila mtu mitaani huvidhania kwanza, vilikuwa robo. Nilipoisoma nilikaa nayo muda mrefu. Kichwa cha taarifa hiyo, chapa ya 2012, bado kina neno la mpira wa nyuzi za kioo.

Kwa mgonjwa wa namna hii swali la usingizi linageuka. Anatapika damu, ukimlaza nusu, damu inaingia mapafuni. Kwa kanuni, ama awe amelazwa kabisa, nusu kaputi kamili, mtaalamu wa usingizi yuko kichwani na bomba liko kwenye koromeo, ama awe macho, akohoe na kutema mwenyewe. Hatari iko katikati. Saa nane za usiku mtaalamu wa usingizi wa zamu yuko kwenye chumba cha upasuaji na mama aliyekwama kujifungua. Basi mgonjwa anabaki macho, kichwa kimeinamishwa, mashine ya kufyonza inaunguruma, na mtu amemshika. Nimeshika vichwa vya wavuvi namna hiyo. Mmoja aliposikia neno la kwetu alifumbua macho na kuniuliza, kabla kidude hakijarudishwa mdomoni, mimi ni binti wa nani. Rababendi sita ziliingia. Aliishi.

Siku hizi majadiliano ya kitaaluma yako juu ya nani aruhusiwe kuushika mpira wenyewe. Uingereza wauguzi wamekuwa wakifanya kipimo hiki tangu miaka ya 1990, na jaribio la hospitali 23 lililochapishwa mwaka 2009 katika jarida la BMJ liliwalinganisha na madaktari bila kukuta tofauti ya maana kwa mgonjwa. Jirani yetu Tenwek, kule Bomet, Kenya, ambako saratani ya umio imewamaliza watu wengi, Russell White na wenzake walieleza mwaka 2001 jinsi wanavyoweka bomba la waya la kufungua umio bila mashine ya eksirei ambayo vitabu vilisema ni ya lazima. Mambo kama hayo hunifurahisha kuliko kidonge chenye kamera, kilichotangazwa mwaka 2000 na ambacho kila mgeni hutuulizia. Kidonge kinapiga picha tu. Hakifungi mshipa.

Hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulisimama kwa miaka mingi, sasa imefunguliwa, na watoto wa shule za mwambao hupewa prazikwanteli. Wale ambao kovu lao lilishajengwa watahitaji mpira kwa miaka mingi bado.

Na si mara moja. Rababendi za siku ya kwanza huzuia damu, lakini mishipa haiishi. Mtu arudi baada ya wiki kadhaa, na tena, mara tatu au nne, hadi iwe imesinyaa yote. Hapo ndipo tunapowapoteza. Mtu amepona, anajisikia vizuri, nauli ni nauli, na dagaa hawasubiri. Kwa muda mrefu tuliandika tarehe za kurudi kwa kuhesabu siku 21 kwenye kalenda ya ukutani, na wavuvi hawakuja. Kisha muuguzi mwenzangu, mtu wa Ukerewe, akasema jambo ambalo kila mtoto wa ziwani analijua: dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, mwezi ukiwa mpevu hawafuati taa, na mitumbwi hukaa nchi kavu. Tulianza kuwapangia wavuvi siku za mbalamwezi. Kalenda ya chumbani sasa ina duara la kalamu nyekundu kila mwezi mmoja, na wiki hiyo orodha huwa ndefu, kwa hiyo naomba muuguzi wa tatu kutoka wodini. Mara nyingine wananipa.